Siki, vizibo, chaki au simu: uchague kipi kufundishia maada, atomi na mabadiliko ya kikemikali

Mwalimu anayeingia Kidato cha Kwanza na mada ya maada ana njia nyingi kuliko zile mbili alizofundishwa nazo yeye, chaki na daftari. Anaweza kusimulia historia ya atomi tangu mwanasayansi John Dalton. Anaweza kubeba siki na magadi soda kutoka dukani. Anaweza kukusanya vizibo vya soda avifanye atomi, au kufungua programu ya kuigiza kwenye kompyuta na kuwaonyesha wanafunzi chembe zikikimbizana. Kila njia ina watetezi wake, na ukikaa na walimu wa sayansi utasikia kila mmoja akisifia ya kwake.

Kipimo kinachotumika sana ni kama wanafunzi walifurahi. Kipimo hicho nakitilia shaka. Volkano ya magadi soda hufurahisha darasa zima, lakini muulize mwanafunzi wiki inayofuata alijifunza nini, atakwambia povu lilimwagika hadi sakafuni. Hapa natumia kipimo kingine: njia hii inamng'oa mwanafunzi kwenye imani gani? Hakuna anayekuja darasani mtupu. Anakuja akiamini kwamba hewa haina uzito, kwamba kuni zikiungua zimekwisha, kwamba sukari ikiyeyuka kwenye chai imetoweka ukabaki utamu tu, na kwamba atomi za shaba nazo zina rangi ya shaba. Anaweza kupata alama nzuri kwenye mtihani huku imani zote hizo ziko palepale.

Kwa kipimo hicho hakuna njia moja inayoshinda kila mahali. Inategemea unafundisha kipande gani cha mada, kwa hiyo tuvichukue kimoja kimoja.

Hali za maada: bomba la sindano, mchoro au programu

Mchoro wa ubaoni unajulikana: visanduku vitatu vyenye vidoti, vimebanana kwenye mango, vimeachana kidogo kwenye kimiminika, vimetawanyika kwenye gesi. Ni wa haraka, haugharimu kitu, na unatakiwa kwenye mtihani. Kasoro yake iko kwenye kisanduku cha katikati. Wengi tunachora kimiminika kana kwamba kiko katikati ya mango na gesi, vidoti vikiwa na nafasi kubwa kati yake. Ukweli ni kwamba chembe za kimiminika zinakaribia kugusana kama za mango. Zilichopoteza ni mpangilio, si ukaribu. Nafasi kubwa inapatikana kwenye gesi: mililita 1 ya maji ikichemka yote hutoa mvuke wa takriban lita 1.7. Kama chaki ndiyo silaha yako pekee, basi chora kimiminika kikiwa kimebanana ovyoovyo, na kwenye kisanduku cha gesi weka vidoti viwili au vitatu tu. Mwanafunzi atauliza mbona kitupu hivyo. Hilo ndilo swali unalolitaka.

Bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, linapatikana duka lolote la dawa. Vuta hewa, ziba mdomo kwa kidole gumba, sukuma. Hewa inabonyea hadi karibu nusu, na ukiachia pistoni inarudi. Sasa vuta maji, hakikisha hakuna kiputo, ziba, sukuma. Haliendi. Kabla ya kusukuma kila mwanafunzi aandike anatarajia nini, la sivyo linabaki kuwa mchezo. Mabomba kumi yanatosha darasa la wanafunzi sitini wakikaa kwa makundi, na zoezi zima halimalizi dakika kumi na tano. Sijaona kifaa cha bei hiyo kinachofundisha zaidi ya hapo.

Wapo wanaopendelea jaribio la spiriti na maji: changanya mililita 50 za ethanoli na mililita 50 za maji, unapata kama 96 au 97 badala ya 100, kwa sababu molekuli za vimiminika hivyo viwili hujipanga kwa kubanana zaidi zikiwa pamoja. Ni jaribio zuri la kufikirisha, lakini linataka silinda za kupimia zilizo safi na macho yanayosoma mstari sawasawa. Kwenye darasa lenye silinda mbili na wanafunzi wengi, mililita tatu zinazopungua humezwa na makosa ya kusoma. Kama huna maabara, liache.

Kitu ambacho bomba na chaki havikuonyeshi ni mwendo. Hapo programu ndiyo yenyewe. Zinazotumika zaidi duniani ni za PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hazilipiwi, baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na faili ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, jambo linalowafaa walimu wanaonunua bando kwa fedha yao. Ukifungua ile ya hali za maada unaongeza joto na kuona chembe za mango zikitetemeka mahali pake, kisha zikianza kupishana, kisha zikiruka. Mwanafunzi aliyezoea mchoro uliosimama huwa anashangaa kuwa hata kwenye barafu chembe hazitulii.

Mpangilio wangu: bomba kwanza, programu kama ipo, mchoro mwisho kama kumbukumbu ya daftarini. Walimu wengi huenda kinyume, wakianza na mchoro, na jaribio linakuja kama pambo muda ukibaki. Muda haubaki.

Ndani ya atomi: hapa siki haisaidii

Hakuna jaribio la jikoni linaloonyesha protoni. Anayekwambia atafundisha muundo wa atomi kwa vitendo tupu anakudanganya au anajidanganya. Hapa ushindani ni kati ya historia, mbegu za kushika na programu.

Historia ikifundishwa kama orodha ya kukariri (Dalton 1808, Thomson 1897, Rutherford 1911, Bohr 1913, Chadwick 1932) haina faida zaidi ya mtihani. Ikifundishwa kama ushahidi, haina mpinzani. Chagua kisa kimoja ukikalie. Mimi ningechagua kile cha bati la dhahabu. Mwaka 1909 Geiger na Marsden, wakifanya kazi chini ya Rutherford huko Manchester, waliona kwamba chembe za alfa (chembe nzito zenye chaji chanya) zikirushwa kwenye bati jembamba la metali, nyingi kati yake hupita, lakini karibu moja katika 8000 hurudi nyuma. Waache wanafunzi wabishane: kama atomi ni donge moja laini lenye chaji iliyosambaa, nini kingerudisha chembe nzito inayokwenda kasi namna ile? Miaka miwili baadaye Rutherford alitoa jibu, kwamba karibu uzito wote wa atomi umekusanyika kwenye kiini kidogo mno.

Kuna namna ya kukifanya kisa hicho kishikike bila gharama. Weka kitu usichokionyesha, tofali au kopo, chini ya ubao mpana ulioinuliwa kidogo kutoka sakafuni. Wanafunzi warushe gololi kutoka kila upande na kuchora njia zinapotokea. Kwa gololi peke yake wanakisia umbo na ukubwa wa kilichofichwa. Usiwaonyeshe mwishoni kirahisi. Rutherford naye hakufunuliwa ubao.

Kuhusu ukubwa, namba tupu haziingii kichwani. Atomi ya dhahabu ni pana kuliko kiini chake karibu mara 20,000. Punje ya dengu ya milimita 5 ukiiweka katikati ya uwanja wa mpira, hiyo ndiyo kiini, na atomi ni uwanja wote kutoka goli hadi goli. Hili lifanyie uwanjani kweli, si darasani kwa maneno. Inachukua dakika tano.

Sasa mbegu dhidi ya programu. Mbegu ni choroko kwa protoni, maharage kwa nyutroni, mahindi kwa elektroni, zikipangwa kwenye karatasi yenye miduara. Kila mwanafunzi anashika, kila mmoja anajenga atomi ya kaboni au sodiamu yake. Tatizo ni kwamba mbegu haijibu. Mwanafunzi akiweka protoni saba na kuandika "kaboni", karatasi inanyamaza, na wewe una wanafunzi themanini wa kupitia. Programu ya PhET iitwayo "Build an Atom" inajibu palepale: ongeza protoni moja, jina la elementi linabadilika, ongeza nyutroni, jina linabaki ila uzito unapanda, ondoa elektroni, inakwambia sasa ni ioni, yaani atomi yenye chaji. Kwa kipande hiki, tofauti na cha hali za maada, ningeitanguliza programu hata kama shule ina kompyuta moja na projekta moja. Mwite mwanafunzi mbele aendeshe, darasa lipige kura kabla hajabonyeza. Mbegu zifuate kama zoezi.

Zote mbili zinabeba kosa moja, elektroni zinazozunguka kama sayari. Kwa Kidato cha Pili miduara ya elektroni 2, 8, 8 inatosha na ndiyo inayosahihishwa, ila waambie mapema kwamba ni namna ya kuhesabu, si picha. Watakaoendelea hadi Kidato cha Tano watakushukuru.

Mabadiliko ya kikemikali: hapa ndipo uchaguzi una uzito

Kwanza ugomvi wa fasili. Kuna walimu wanaofundisha kwa ishara: rangi ikibadilika, gesi ikitoka, joto likipanda au kushuka, basi ni badiliko la kikemikali. Kuna wanaofundisha kwa kurudi: kikiweza kurudi ni badiliko la kiumbo, kisipoweza ni la kikemikali. Na kuna wanaouliza swali moja tu: je, kuna dutu mpya?

Ishara ni rahisi kukariri na zinavunjika kwa urahisi huohuo. Maji yakichemka yanatoa viputo vya gesi, na hakuna kilichobadilika zaidi ya hali. Chukua kiganja cha mbolea ya urea, iyeyushe kwenye kikombe cha maji, shika kikombe: kimekuwa baridi kabisa, na bado ni urea iliyoyeyuka. Kanuni ya kurudi nayo ni mbovu zaidi. Chungu kikivunjika hakirudi, lakini vipande ni udongo uleule uliochomwa. Mrututu (salfeti ya shaba) wa buluu ukiuchoma polepole unapoteza maji na kuwa mweupe. Udondoshee maji, buluu inarudi mbele ya macho yako, na yote mawili ni mabadiliko ya kikemikali. Ningeanza na swali la dutu mpya, kisha nizitumie ishara kama sababu ya kushuku, si kama hukumu. Mrututu na urea, vyote vya maduka ya pembejeo, ndivyo ningevitumia kulivunja darasa lililokwisha kukariri ishara. Mrututu ni sumu ukimezwa, kwa hiyo mikono ioshwe na vyombo visirudi jikoni.

Kisha suala gumu kuliko yote: kwamba uzito haupotei kwenye badiliko la kikemikali. Mwanakemia Mfaransa Lavoisier alilithibitisha katika karne ya 18 kwa mizani na vyombo vilivyofungwa, na mpaka leo hakuna njia ya mkato. Mwanafunzi hatakubali kwamba gesi ni maada mpaka aione ikihesabiwa. Walimu hutumia majaribio manne, na hayako sawa hata kidogo.

*Mshumaa chini ya glasi.* Mshumaa umesimama kwenye sahani ya maji, unaufunika kwa glasi, unazimika, maji yanapanda. Kisha mwalimu anatangaza kwamba maji yamechukua nafasi ya oksijeni, ndiyo maana yamepanda moja ya tano. Jaribio hili limefundisha uongo kwa vizazi. Maji yanapanda hasa kwa sababu hewa iliyopashwa moto ilitanuka, nyingine ikatoka pembeni mwa glasi, kisha iliyobaki ikapoa na kusinyaa. Na mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado ipo. Jaribu kwa mishumaa mitatu badala ya mmoja, maji yatapanda zaidi, wakati oksijeni ya glasi haikuongezeka. Kama unataka moja ya tano ya kweli, tumia kutu: sokomeza stilwaya (nyuzi za chuma za kusugulia sufuria) iliyooshwa kwa siki kwenye kitako cha glasi ndefu, igeuze glasi kichwa chini kwenye maji, uiache siku chache. Chuma kinakula oksijeni taratibu bila kupasha chochote moto, na maji yanapanda karibu moja ya tano na kusimama hapo.

*Stilwaya inayoungua.* Ning'iniza rula ya mita kwa uzi katikati. Upande mmoja funga stilwaya iliyochambuliwa ikawa nyepesi kama pamba, upande wa pili funga udongo mpaka rula ilale sawa. Uliza darasa: nikiichoma, upande huu utapanda au utashuka? Karibu wote watasema utapanda, maana kinachoungua huwa chepesi. Iwashe kwa kiberiti ukiwa umeweka sinia chini yake. Cheche zinatembea kwenye nyuzi, na rula inashuka upande wa moto. Hilo ndilo jaribio linalong'oa imani ya "kikiungua kimekwisha" kwa mng'oo mmoja. Gramu 10 za chuma zikigeuka zote kuwa oksaidi, Fe2O3, zingefikia gramu 14 na kidogo. Kwa vitendo ongezeko ni dogo zaidi, kwa kuwa si nyuzi zote huungua na vipande vingine hudondoka. Nunua ile ya nyuzi laini za kijivu. Ile ya mikunjo inayong'aa isiyoshika kutu haiungui, na mwalimu asiyejua hilo huishia kuomba radhi mbele ya darasa.

*Siki, magadi soda na puto.* Hili ndilo linalopendwa mitandaoni. Magadi soda kwenye puto, siki kwenye chupa, puto linavishwa mdomoni, linainuliwa, linavimba. Kuonyesha kwamba gesi mpya imezaliwa, ni zuri. Kuonyesha kwamba uzito haupotei, ni baya, na wengi hawajui kwa nini. Siki ya kawaida ina tindikali kama asilimia 5, kwa hiyo mililita 100 zinamaliza magadi soda gramu 7 hivi na kutoa kabonidayoksaidi karibu lita 2, yenye gramu 3.7. Puto lililovimba lita 2 linasukuma pembeni lita 2 za hewa, na hewa hiyo ina uzito wa gramu 2.4. Ile hewa ya nje inalibeba puto kwa kiasi hichohicho, na mizani inasoma pungufu ingawa hakuna kilichotoka. Mwanafunzi mwerevu anaona namba imeshuka na kuhitimisha kwamba maada imepotea. Umemfundisha kinyume cha ulichokusudia.

*Siki na magadi soda ndani ya chupa iliyofungwa.* Chupa ya soda ya plastiki ya lita 1.5 haitanuki kama puto, kwa hiyo tatizo la hewa ya nje halipo. Mimina siki mililita 50. Funga magadi soda gramu 3 au 4, chini kidogo ya kijiko cha chai, kwenye kipande cha tishu. Weka chupa, kifuniko na kifurushi vyote pamoja kwenye mizani, andika. Tumbukiza, funga haraka kwa nguvu, tikisa, subiri povu litulie, pima tena. Namba ni ileile, na chupa imekuwa ngumu ukiiminya. Sasa fungua kifuniko: inapuliza, na namba inashuka gramu moja na nusu hivi. Hicho kilichopuliza kilikuwa na uzito, na darasa zima limekiona kikiondoka kwenye mizani. Hapa mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima inaanza kubabaisha. Mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu ndiyo inayofaa. Usizidishe vipimo: kiasi hiki kinaongeza mgandamizo mdogo kuliko ule ambao chupa hiyo huubeba ikiwa na soda, lakini mwanafunzi akiachiwa atataka kumimina pakiti nzima. Chupa ya kioo isitumike kabisa.

(Magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage yatokayo kwenye maziwa kama Ziwa Natron na Ziwa Magadi, nayo yatatoa povu. Ila yana mchanga na chumvi nyingine ndani yake, hivyo hesabu zako hazitakubali.)

Kwa anayetaka kuziona kwa pamoja:

| Jaribio | Linang'oa imani gani | Linahitaji | Angalizo |
|---|---|---|---|
| Mshumaa na glasi | Hakuna. Linaongeza moja | Mshumaa, glasi | Liache, au lijadili kama kosa |
| Stilwaya kwenye rula | "Kikiungua kinakuwa chepesi" | Rula, uzi, kiberiti | Moto, cheche |
| Siki na puto | "Gesi haitokani na vitu vigumu" | Puto, chupa | Usilipime kwenye mizani |
| Siki, chupa imefungwa | "Gesi haina uzito" | Mizani ya sehemu ya kumi ya gramu | Vipimo visizidi |

Mwenye mizani nzuri achague chupa. Asiye na mizani achague rula na stilwaya, ambayo ni mizani tosha. Kwenye kipindi kimoja cha dakika 40 sidhani kama mawili yanaingia bila kukimbizana, na kukimbizana huua ile sehemu ya kutabiri, ambayo ndiyo yenye thamani.

Kuingiza milinganyo: vizibo

Baada ya kuona kwamba uzito haupotei, swali la kwa nini linajibiwa na atomi zilezile kupangwa upya, na hapo vizibo vya soda havina mpinzani. Methani ni mfano mzuri, kwa sababu gesi asilia ya Songo Songo ni methani kwa sehemu kubwa kabisa na wanafunzi wamesikia habari zake. Kizibo kimoja cheusi kwa kaboni, vinne vyeupe kwa haidrojeni, vinne vyekundu kwa oksijeni: CH4 + 2O2. Wavunje, wapange upya, wapate CO2 + 2H2O. Vizibo tisa vilivyoingia ndivyo vilivyotoka. Mwanafunzi aliyekuwa akibadilisha H2O kuwa H2O2 ili mlinganyo "ukubali" anaona mwenyewe kwamba hiyo ni molekuli nyingine. Programu ya kusawazisha milinganyo nayo ipo, na ni nzuri kwa mazoezi, lakini hapa mkono unashinda kioo, maana kuvunja na kuunda ndilo somo lenyewe.

Jihadhari na jambo moja tu. Vizibo vina rangi, vigumu, na vinakaa mezani vimetulia. Mwambie mwanafunzi atomi moja haina rangi wala ugumu. Hizo ni tabia za kundi kubwa la atomi pamoja.

Mfano wa pwani ambao vitabu vinaupita haraka

Kama shule yako iko Bagamoyo, Kilwa, Lamu au Unguja, mbona uanze na metali zinazoagizwa maabara wakati mji wenyewe umejengwa kwa kemia? Mawe ya matumbawe yalichomwa kwenye tanuri mpaka yakawa chokaa, chokaa ikatiwa maji, ikapakwa ukutani, ikakaa miaka ikinyonya kabonidayoksaidi ya hewani na kugeuka tena kuwa kabonati ya kalisi, dutu ileile ya jiwe la mwanzo. Hatua tatu, dutu mpya kila hatua, na mduara unarudi ulikoanzia. Kwa hesabu, gramu 100 za kabonati ya kalisi iliyo safi zikichomwa zote hubakiza gramu 56. Gramu 44 ni kabonidayoksaidi iliyokwenda na moshi.

Kuchoma mawe darasani hakufai, joto linalohitajika ni kubwa na chokaa iliyotoka tanurini inachoma ngozi na macho. Lakini hatua ya mwisho inawezekana. Nunua chokaa ya kupaka ukuta, koroga kijiko kimoja kwenye lita ya maji, uache usiku kucha, kisha miminia taratibu yale maji maangavu ya juu kwenye chupa nyingine. Mwanafunzi apulize ndani yake kwa mrija: yanakuwa meupe kama tui. Ule weupe ni kabonati ya kalisi iliyotengenezwa na pumzi yake. Apulize, asivute. Kama maji hayabadiliki, chokaa hiyo ilikaa wazi dukani muda mrefu na imeshageuka kabonati. Tafuta mfuko mpya.

Nani achague nini

Mwalimu wa shule ya kata yenye wanafunzi themanini na maabara ambayo ni stoo: mabomba ya sindano, rula na stilwaya, vizibo. Hivyo vitatu vinabeba mada nzima. Gololi na dengu zijazie kwenye atomi. Programu isikunyime usingizi.

Mwenye maabara kamili ana kishawishi chake, kutenda mwenyewe mbele huku wanafunzi wakitazama. Kwa stilwaya ni sawa, moto ni wa mtu mmoja. Kwa bomba na vizibo ni kupoteza.

Kwa Tanzania kuna suala la lugha, maana mtoto amemaliza Darasa la Saba akisema maada, mango na kimiminika, na Kidato cha Kwanza anakutana na mambo yaleyale kwa Kiingereza. Majaribio yana nafuu hapa kuliko historia ya ubaoni: utabiri na ubishi vifanyike kwa Kiswahili, ripoti iandikwe kwa Kiingereza. Kenya hali ni tofauti, wanafunzi wa sekondari ya chini wamesoma sayansi kwa Kiingereza kitambo, lakini ubishi wa kweli hata huko huwa haufanyiki kwa lugha ya kitabu.

Mzazi mwenye mtoto wa Darasa la Tano nyumbani asihangaike na protoni kabisa. Amnunulie bomba la sindano, amwonyeshe maji ya chokaa, na wapime pamoja sukari na maji kabla na baada ya kukoroga kwenye mizani ya jikoni.